Kuotesha rangi juu ya shaba: kahawia, nyeusi, feruzi na kijani

Kibao cha kwanza cha shaba nilichokigeuza kijani kilitoka vizuri, kasoro kidole gumba changu. Hakikuwa doa, kilikuwa kidole chenyewe na mistari yake yote, chekundu katikati ya kijani kama kidole kilichogongwa kwenye hati ya kiwanja. Nilikuwa nimekishika kibao sekunde moja tu, nikikitoa kwenye taulo. Yale mafuta kidogo ya ngozi yalizuia dawa isifike kwenye shaba, na usiku kucha rangi ikaota kila mahali isipokuwa hapo.

Kwa hiyo usishangae ukiona kusafisha kunachukua nafasi kubwa hapa. Mapishi ni rahisi na vitu vyake vingi unavijua: siki, chumvi, mayai, mbolea ya SA (salfeti ya amonia), mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya bluu). Kazi nyingi zinaharibikia kwenye kusafisha na kwenye haraka.

Rangi inatoka wapi

Rangi hizi hazipakwi. Zinaota kwenye shaba yenyewe, kama kutu inavyoota kwenye chuma. Tofauti ni kwamba kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma kiendelee kuliwa, ilhali ya shaba hushika na kuifunika shaba iliyo chini yake. Mafundi na wachonga sanamu huiita patina. Sanamu ya Uhuru ya New York ilipozinduliwa mwaka 1886 ilikuwa na wekundu wa shaba. Mabati yake yana unene wa milimita 2.4 hivi, na kijani kilichoyafunika miongo michache baadaye ndicho kinachoyakinga mpaka leo.

Ndugu zetu wa Lubumbashi, kule Kongo, wana mfano wa karibu zaidi. Lile jiwe la kijani lenye mawimbi wanalochonga mikufu na visanduku, malakiti, ni shaba iliyoungana na maji na hewa ya ukaa ardhini. Si bure mkoa wao uliitwa Shaba kati ya 1971 na 1997, kabla ya kurudishiwa jina la Katanga. Unachokwenda kufanya ndani ya ndoo ni jambo la ukoo huo huo, kwa siku mbili.

Salfa huleta dhahabu hafifu, kisha kahawia, kisha nyeusi. Chumvi, siki na amonia huleta bluu, feruzi na kijani. Moto peke yake huleta machungwa, damu ya mzee na zambarau. Ukishika hayo matatu, mapishi mengi utakayosikia mitaani utaona ni mchanganyiko wake.

Hakikisha ni shaba nyekundu

Kwa wauza vyuma chakavu iulize kwa jina la kopa. Ukisema shaba tu, wengine watakupa brasi ya bomba la maji, yenye umanjano. Brasi nayo hubadilika rangi, lakini ina zinki, na mapishi haya yatakupa majibu tofauti. Chukua sumaku: ikinasa, una chuma kilichopakwa shaba juu. Kwa waya, kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyovishwa.

Bati la shaba la unene wa milimita 0.5 hadi 1 ndilo zuri kwa kuanzia. Ukilikosa, nenda kwa fundi wa friji na viyoyozi umwombe mabaki ya bomba la kopa. Lipasue kwa urefu, lichome hadi liive wekundu hafifu, litumbukize kwenye maji, kisha ligonge juu ya ubao hadi linyooke. Shaba ni kinyume cha chuma cha kisu: ukiichoma na kuizima ghafla kwenye maji inalainika.

Kata vipande vidogo vya majaribio, ukubwa wa kadi ya simu, visivyopungua sita, kabla hujagusa kazi yenyewe.

Mambo ya usalama, kwa uzito wake

Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni mwako. Vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho. Amonia na jiki visikutane kamwe, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa juujuu, kwa sababu hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu. Vivyo hivyo dawa ya salfa isikutane na siki wala ndimu, kwani hutoa hewa ya sumu yenye harufu ya yai bovu. Hewa hiyo ikizidi, pua huacha kuisikia, na hapo ndipo inapoua.

Kutu ya shaba ni sumu ikiliwa. Usiioteshe ndani ya kikombe, bakuli au sufuria itakayorudi jikoni. Na dawa zilizobaki usiziweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mrututu ulioyeyuka una bluu nzuri ya kumvutia mtoto. Tumia dumu, liandike, lifungie juu. Usiumwage mtaroni wala kwenye bwawa; unaua samaki.

Kusafisha

Anza na msasa wa maji namba 400, kisha 600. Sugua kwa mwelekeo mmoja, la sivyo mikwaruzo ya duara itaonekana chini ya rangi. Shaba iliyong'arishwa kama kioo haifai kwa kijani, kwa kuwa rangi haina pa kushika, itabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kwa kahawia na kwa moto unaweza kung'arisha zaidi.

Pili, toa mafuta. Sabuni ya vyombo na brashi laini, maji mengi, kisha rudia. Kuanzia hapa ukiwa huna glavu usiishike tena uso wake, shika kingo.

Tatu, toa weusi wa hewa. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula cha chumvi kwenye glasi moja ya siki nyeupe, chovya shaba dakika mbili au tatu. Itatoka na uwaridi kama ufizi wa mtoto. Ukwaju uliolowekwa na chumvi unafanya kazi hiyo hiyo, na bibi zetu wa pwani wamesafishia sinia kwa njia hiyo tangu zamani, ila unaacha utomvu unaohitaji kusuuzwa sana.

Nne, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua uchachu, kisha kwa maji safi. Hapa watu wa Dar na Mombasa wasikilize: maji ya kisima yenye chumvi yataanza kuotesha madoa kabla wewe hujaanza. Tumia maji ya mvua, au yale maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri, maana pembeni yake huuzwa asidi ya betri, na si kitu kimoja.

Sasa jaribio ambalo lingeniokoa na kile kidole gumba. Mwagia maji safi juu ya shaba, kisha iinamishe. Maji yakitanda kama utando mmoja, ni safi. Yakijikusanya matone kama umande kwenye jani la mgomba, kuna mafuta, na unarudi kwenye sabuni. Mimi hurudi mara mbili kwa kawaida, na hiyo ni baada ya miaka.

Usiikaushe kwa taulo. Iegemeze ukutani ichuruzike, au endelea na dawa ikiwa bado mbichi.

Kahawia kwa mayai mawili

Hii ndiyo ya kuanzia, kwa sababu ukikosea umepoteza mayai tu. Chemsha mayai dakika 12 hadi 15; yakiiva kupita kiasi ndiyo mazuri, kiini kiwe na duara la kijivu. Yaponde moto moto, maganda na vyote, uyaweke kwenye bakuli dogo ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko. Weka shaba kavu pembeni, isiguse yai, funga.

Salfa inayopanda kutoka kwenye mayai ndiyo inayofanya kazi. Dakika 20 za kwanza utaona dhahabu, kisha wekundu wa udongo, ndani ya saa chache kahawia ya chokoleti. Fungua kila baada ya nusu saa uitazame. Pinda shaba upande mmoja uwe karibu na yai na mwingine mbali, utapata rangi inayofifia kutoka upande hadi upande, kitu ambacho brashi haikupi. Hereni nyingi za kahawia ninazouza zimetoka kwenye kibakuli hicho. Harufu majirani wataizungumza.

Nyeusi ya salfa ya korosho

Aliyekulia Mtwara au Lindi anaujua unga wa manjano unaopuliziwa mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Huo ndio salfa. Ukichemshwa na chokaa unazaa dawa ya rangi ya chai kali inayogeuza shaba kwa sekunde.

Pima gramu 100 za salfa na gramu 50 za chokaa iliyozimwa kwa lita moja ya maji. Salfa haipendi maji, itaelea juu kama pumba. Ikande kwanza na maji ya moto kidogo na tone la sabuni hadi iwe uji mzito. Chemsha nje kwa moto mdogo kwenye chungu cha udongo au chombo cha enameli, kamwe si aluminiamu, muda wa dakika 45 hadi saa moja. Koroga, na uongeze maji yanayopungua. Manjano yatageuka machungwa, kisha wekundu wa chai ya rangi. Acha itulie usiku, kisha mimina maji ya juu na uache mashapo. Unga wenyewe uweke mbali na moto, unashika.

Kwa matumizi, changanya sehemu moja ya dawa na 10 au 20 za maji ya uvuguvugu. Chovya, hesabu hadi tano, toa, suuza, tazama. Chovya tena. Rangi inapita dhahabu, waridi, zambarau, kahawia, halafu nyeusi, na kila kituo kinafaa kama una ujasiri wa kusimama hapo. Anayeiacha ndani dakika tano kwa mkupuo mmoja atapata weusi mnene unaobanduka kama masizi ya sufuria.

Kama kazi ina michoro iliyogongwa, sasa pitisha msasa namba 1000 au sufi ya chuma laini juu juu. Vilima vitarudi wekundu na mabonde yatabaki meusi, na mchoro ambao ulikuwa hauonekani utasimama.

Bluu na feruzi kwa mvuke wa amonia

Hii ndiyo rangi ambayo watu husimama kuiuliza. Andaa ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, mshipi wa kuvulia samaki, chupa ya kupulizia, siki, chumvi na amonia ya majumbani kutoka duka la kemikali.

1. Toboa matundu mawili madogo karibu na ukingo wa juu wa ndoo, pitisha mshipi, uukaze kama kamba ya nguo. Waya wa chuma usiutumie. Utadondosha kutu juu ya kazi yako.
2. Mimina nusu glasi ya amonia chini ya ndoo. Uso pembeni, usichungulie ndani.
3. Pulizia shaba iliyo safi kwa siki yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa glasi. Unataka ukungu wa matone madogo. Michirizi ikianza kushuka umezidisha.
4. Ukipenda madoadoa, nyunyiza punje za chumvi ya mawe juu yake ikiwa bado mbichi. Kila punje itazaa jicho la bluu.
5. Tundika shaba sentimita 10 au zaidi juu ya amonia, isiguse kuta, funga kifuniko na uzibe matundu kwa gundi ya karatasi.
6. Weka kivulini. Baada ya saa tatu hivi bluu imeanza. Usiku mmoja unatosha kwa kazi nyingi.
7. Fungua nje, subiri dakika chache mvuke utoke, kisha toa shaba uilaze ikauke bila kuigusa.

Inapotoka mbichi ina bluu ya kutisha, kama wino wa kalamu. Usiipende sana. Siku mbili tatu za kukauka huipunguza hadi feruzi, au kijani cha bahari ya asubuhi, kulingana na chumvi uliyotumia. Ukiitaka nzito zaidi, rudia pulizio na ndoo mara ya pili. Safu tatu nyembamba za usiku mmoja mmoja hushika kuliko safu moja ya siku tatu, na katika hili sijaona ubaguzi.

Chumvi ikizidi ina adhabu yake. Kloridi inayobaki chini ya rangi huendelea kula shaba kila hewa inapokuwa na unyevu, na baada ya miezi utaona unga wa kijani mpauko ukijitokeza na kumwagika. Kwa wakazi wa pwani, ambao hewa yao yenyewe ina chumvi, ningesema nusu kijiko kwa glasi na uvumilivu zaidi.

Ukikosa amonia, weka vijiko viwili vya mbolea ya SA na vijiko viwili vya chokaa iliyozimwa kwenye kibakuli, ongeza maji kidogo, shusha ndani ya ndoo na ufunge haraka. Chokaa inaifukuza amonia kutoka kwenye mbolea, na utaijua kwa macho kuwasha. Ni lazima iwe SA. Urea na CAN ni vitu vingine. Na ndiyo, mkojo uliofungiwa wiki mbili nao hutoa amonia. Nimejaribu, unafanya kazi, sirudii.

Kijani cha kupulizia kwa kazi kubwa

Kizibo cha dirisha, paa la kibaraza au kivuli cha taa cha mita moja hakiingii kwenye ndoo. Hapo tumia dawa ambayo mafundi wa mabati ya shaba wa Marekani wameitumia muda mrefu, na ambayo vitu vyake kwetu viko kwenye duka la pembejeo. Kwa lita moja ya maji safi:

- mbolea ya SA, gramu 110
- mrututu, gramu 3.5, yaani nusu kijiko cha chai kilichojaa kidogo
- amonia kali ya dukani, mililita 1.6, kama matone 30

Tumia mizani ya jikoni. Yeyusha SA kwanza, chuja kwa kitambaa kwa sababu mbolea ina taka, kisha mrututu uliosagwa, mwisho amonia. Chupa ya kupulizia iwe ya plastiki.

Pulizia safu nyembamba kama pumzi kwenye kioo. Acha ikauke kabisa. Rudia mara tano au sita. Hapa wengi hukata tamaa, kwa sababu baada ya safu zote utakachoona ni utando mweusi unaong'aa kama shira iliyokauka, wala si kijani. Iache. Unyevu wa hewa ndio unaomalizia. Baada ya saa sita hivi kijani kinaanza kuchungulia, na huendelea kukolea kwa siku nyingi. Ikiwa hewa ni kavu, kama Dodoma mwezi wa nane, weka beseni la maji chini na uifunike kwa turubai bila kugusa. Masika usifanye kazi hii nje: mvua moja ndani ya siku ya kwanza inaosha kila kitu, na nimewahi kuona kivuli cha taa kizima kikishuka mtaroni kwa rangi ya maji ya mchicha.

Michoro ya pumba na vumbi la mbao

Rangi iliyosawazika inachosha. Chukua vumbi la mbao, lichanganye na siki yenye chumvi hadi likamatike mkononi bila kuchuruzika, liwe kama chicha la nazi lililokwisha kukamuliwa. Fukia shaba ndani yake kwenye ndoo, funika, subiri saa 24 hadi 48. Kila mahali chembe ilipogusa panatoka tofauti na ilipoacha mwanya, na uso wote unakuwa kama ngozi ya chui au ramani ya visiwa. Ukitaka bluu zaidi, ongeza kijiko cha amonia kwenye vumbi.

Pumba za mpunga hutoa punje ndogo ndefu, nzuri kwa hereni. Majani makavu ya chai hutoa vidoti. Uzi wa katani uliolowekwa kwenye siki na kuzungushiwa bomba la shaba huacha mistari kama ya pundamilia. Vumbi la mtiki sijapata bahati nalo. Mti ule una mafuta. Usifinye vumbi kwa nguvu, na usichungulie kila saa, kwa sababu ukishalisogeza mchoro umevurugika.

Moto

Shaba safi, kavu, iliyong'arishwa. Tochi ya gesi yenye mwali laini, ishikwe mbali kidogo na isisimame mahali pamoja. Rangi hutangulia mbele ya joto kama wimbi: machungwa, damu ya mzee, zambarau, bluu kidogo, kisha mpauko wa fedha. Ni utando mwembamba wa oksijeni na shaba unaovunja mwanga, kama mafuta juu ya dimbwi la barabarani, na unene wake ukibadilika kidogo tu rangi imehama.

Ondoa moto kabla hujaiona rangi unayoitaka, kwa sababu joto lililomo litaisukuma hatua moja mbele. Tumbukiza kwenye maji ili kuisimamisha. Bati jembamba hubadilika haraka mno kwa anayeanza, hivyo jifunzie kwenye la milimita 1. Rangi mbili zinazofanana kwa moto sijawahi kuzipata; mteja akitaka hereni mbili pacha, mpeleke kwenye mayai.

Kusimamisha na kufunika

Suuza kazi ya salfa kwa maji yenye magadi, kisha maji safi. Kazi ya bluu na kijani usiisuuze kwa nguvu; ilowanishe kwa maji safi taratibu, iinamishe, iache. Subiri siku tatu angalau, wiki nzima ni bora. Kisha pitisha kitambaa cheupe bila kukandamiza. Unga kidogo si neno. Ikitoka rangi nzima, safu ilikuwa nene au shaba ilikuwa laini mno, na hakuna klia, ile vanishi isiyo na rangi, itakayoiokoa.

Mahali pasipoonekana dondosha tone la maji. Rangi unayoiona chini ya tone ndiyo rangi utakayoipata ukifunika: iliyokolea, yenye giza zaidi. Feruzi ya unga iliyokufurahisha itakuwa kijani cha chupa. Mteja aonyeshwe hili kabla ya kulipa.

Kwa vitu vya ndani, nta inatosha. Nta ya nyuki, ile ya Tabora ikipatikana, iyeyushe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Pasha shaba kwenye jua la saa saba hadi iwe moto wa kuvumilika, paka kwa brashi laini, futa ziada. Nta ndiyo pia ninayoipa kazi ya moto, maana klia huzifanya zambarau zile zififie sana. Kwa vitu vinavyoshikwa au vya nje, nunua klia ya kopo kwa wauza rangi za magari. Safu ya kwanza iwe ukungu tu kutoka sentimita 30. Ukiilowesha, unga wa rangi utaelea na kukusanyika kama matope. Safu mbili au tatu baadaye zinaweza kuwa kamili. Hereni na bangili zipigwe klia hata upande wa nyuma, la sivyo jasho litampa mvaaji ngozi ya kijani.

Nta irudiwe kila mwaka, na pwani kila miezi sita.

Rangi ikikukataa, hujapoteza shaba. Ukwaju na chumvi, msasa namba 400, jaribio la maji, na unaanza upya. Vibao vyangu vingine vimepita rangi nne kabla ya kuuzwa.

Na mwambie mteja alichonunua. Kuna kivuli cha taa cha feruzi nilichopeleka Tanga, kazi ya wiki mbili, safu tatu za ndoo. Mwezi wa Ramadhani ulipokuwa unaisha mama mkwe wa mteja alikuja kusaidia usafi wa Idi, akakiona kimeota ukungu, akakishusha, akakisugua kwa ukwaju na majivu mpaka kikawa chekundu kama siku kilipotoka dukani. Alijivunia, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku hizi nyuma ya kila kazi ninabandika kikaratasi kwa herufi kubwa: HUU SI UCHAFU. USISUGUE.